Heaney hakuikimbia Ireland

Kuna shutuma moja iliyomwandama mshairi Seamus Heaney tangu alipohama Belfast mwaka 1972 mpaka alipozikwa Bellaghy mwaka 2013: kwamba nchi ilipokuwa ikiungua kwa mapigano ya Wakatoliki na Waprotestanti, yeye alikuwa kwenye madarasa ya watu. Mara Berkeley, mara Harvard, mara Oxford, na katikati yake safari zisizokwisha za kusoma mashairi yake mbele ya wageni. Wanaompenda humtetea kwa kuitaja Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1995. Utetezi huo hautoshi, kwa sababu tuzo haithibitishi kwamba mtu hakukimbia. Jibu limo ndani ya mashairi yenyewe na ndani ya ratiba yake ya kazi, na ukivisoma viwili hivyo sambamba utaona kwamba ugenini ndiko alikojifunza kuandika juu ya kwao bila kugeuka tarumbeta ya upande wowote.

Heaney alizaliwa Aprili 1939 shambani Mossbawn, jimboni Derry, Ireland ya Kaskazini, kifungua mimba wa watoto tisa wa mchuuzi wa ng'ombe. Walikuwa Wakatoliki katika nchi ambayo Waprotestanti walio wengi ndio walioshika mpini. Akiwa na miaka 12 alipata nafasi ya kusoma bweni kwa gharama ya serikali, chini ya sheria ya elimu ya mwaka 1947 iliyowafungulia watoto wa wakulima mlango ambao baba zao hawakuwahi kuupita. Alipomaliza Chuo Kikuu cha Queen's aliingia ualimu, na shule yake ya kwanza haikuwa ya wakubwa: ilikuwa Ballymurphy, mtaa wa watu wa hali ya chini, Belfast magharibi. Mwalimu mkuu wa pale, Michael McLaverty, alikuwa mwandishi wa hadithi fupi, na ndiye aliyemtia mkononi mashairi ya Patrick Kavanagh, mwana wa mkulima wa Monaghan aliyeandika juu ya viazi na matope bila kuona haya. Wengi huanza habari ya ualimu wa Heaney na Harvard. Hawamtendei haki. Mtu huyu alijua kazi ya chaki kabla hajajua jukwaa.

Diwani yake ya kwanza ilitoka 1966, ya pili 1969. Mwaka uliofuata alikwenda na familia yake California, kufundisha mwaka mmoja Berkeley. Alikuta chuo kimejaa maandamano ya kupinga vita vya Vietnam, Wamarekani Weusi na wenyeji asilia wakidai haki zao hadharani. Kwa kijana aliyetoka kwenye jamii ya wachache, jamii iliyoingia barabarani Derry mwaka 1968 kudai kura na nyumba, mambo hayo hayakuwa mageni hata kidogo. Alikutana pia na mistari mifupi ya mshairi wa Marekani William Carlos Williams, na ukifungua diwani yake ya tatu, Wintering Out ya mwaka 1972, unaona beti zimekonda, sentensi imeachwa ipumue.

Shairi linalofunga diwani hiyo linaitwa Westering. Mshairi ameketi California chini ya ramani rasmi ya mwezi iliyochapishwa na Rand McNally. Wakati ule Marekani ilikuwa imetoka juzi tu kumtuma mtu mwezini, na mwandishi mwingine angelishika jambo hilo akaliandikia kurasa. Heaney anaitazama ramani, kisha anarudi kwenye Ijumaa Kuu moja, siku walipoanza safari kwa gari kuelekea magharibi. Mapazia ya maduka yameshushwa, magari yamesimama kimya nje ya makanisa, baiskeli zimeegemezwa ukutani, na watu wote wako ndani kwenye ibada ilhali yeye na wenziwe wanapita tu. Kuna hatia ndani ya picha ile, hatia ya anayeendelea na safari wakati kijiji kimepiga magoti. Marekani imempa ukuta na ramani, basi. Shairi lenyewe ni la nyumbani.

Mtindo huo hakuuacha. Kwa miaka zaidi ya 25 ya kwenda na kurudi, mashairi yake ambayo kweli yanakaa Marekani hayajazi kurasa nyingi. Nami naona huo ni ushahidi mzito kuliko utetezi wowote, kwa sababu mtu aliyekimbia huandika juu ya alikofikia.

Aliporudi mwaka 1971 alikuta serikali imeanza kuwakamata watu na kuwaweka kizuizini bila mashtaka. Januari 1972 askari wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji Derry, watu 13 wakafa siku hiyohiyo. Mwaka huohuo Heaney alijiuzulu Queen's akahamia kusini, katika Jamhuri ya Ireland, Glanmore, wilaya ya Wicklow, katika nyumba ndogo ya mashambani iliyokuwa mali ya msomi wa Canada, Ann Saddlemyer. Gazeti la wafuasi wa mchungaji wa Kiprotestanti Ian Paisley lilimsindikiza kwa kejeli, likisema mpiga debe wa Papa amerudi kwao. Yeye mwenyewe hakujisamehe kirahisi. Katika shairi la Exposure, linalofunga diwani ya North ya mwaka 1975, anajiuliza amefikaje pale, na anajieleza kuwa si mfungwa wala si mtoa habari, bali mkimbizi wa ndani ya nafsi. Hakuna mshitaki wake aliyewahi kuiandika shutuma ile vizuri kama alivyoiandika yeye.

Lakini North isingekuwapo bila Denmark. Kitabu cha mwanaakiolojia P. V. Glob, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1969, kilikuwa na picha za maiti zilizohifadhiwa na kinamasi cha Jutland kwa zaidi ya miaka 2,000, watu walionyongwa au kukatwa koo na kuzikwa majini, pengine kama sadaka kwa miungu ya ardhi. Heaney alikuwa mtoto wa kinamasi. Kwao watu hukata udongo wake, wakaukausha na kuuchoma kama kuni. Alipoona uso wa mtu wa Tollund, mmoja wa maiti hao, kope zimefumbwa, kitanzi kingali shingoni, alimwona jirani. Shairi la kwanza juu ya maiti ile aliliandika kabla hajatia mguu Denmark, na linaanza kwa ahadi kwamba siku moja atakwenda Aarhus. Alikwenda 1973. Kichwa cha mtu yule kinaonyeshwa Silkeborg, si Aarhus, ila hilo halipunguzi kitu. Mwisho wa shairi anasema kwamba huko, katika vijiji vya kale vilivyoua watu, atajiona amepotea, hana raha, na yuko nyumbani.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ufunguo. Hakwenda ugenini kupumzika na mauaji ya kwao. Alikwenda akayakuta, ya zamani zaidi na yenye sura tulivu zaidi, akapata nafasi ya kuyatazama bila kuulizwa na mtu papo kwa papo yuko upande gani. Wapo wahakiki waliosema kwamba kuyavisha mauaji ya Belfast nguo za sadaka ya kale ni kuyapa heshima yasiyostahili. Hoja hiyo ina uzito, na baadhi ya mashairi ya North yanaitikia mashaka hayohayo ndani ya beti zake.

Kuulizwa, hata hivyo, aliulizwa. Shairi la The Flight Path, lililomo katika diwani ya mwaka 1996, linasimulia asubuhi moja ya Mei 1979. Heaney ametoka kufundisha muhula Harvard, ameshuka kwenye ndege ya usiku kutoka New York, sasa yuko ndani ya treni kuelekea Belfast. Mtu mmoja anaingia, anaketi mbele yake, na kumtolea uvivu kwa lugha chafu: ni lini utatuandikia kitu sisi? Wakati huo wafungwa wa Republican, waliopigania Ireland moja isiyo chini ya Uingereza, katika gereza la Maze walikuwa wakigoma kuvaa sare na kupaka kuta za vyumba vyao kinyesi. Heaney anamjibu kwamba akiandika kitu, chochote kile, atakiandika kwa ajili ya nafsi yake. Jibu hilo huweza kusikika kama majivuno ya msomi aliyetoka Marekani. Mimi nalisikia vingine. Mtu aliyechoka na safari, hajalala, anatakiwa palepale atoe kalamu yake kwa chama, na anakataa. Nina shaka kama angekuwa na ujasiri ule angeishi mwaka mzima katika mtaa ambao mwenye kuuliza swali lile ni jirani wa nyumba ya pili.

Hapa ndipo ratiba inapohusika. Tangu 1975 Heaney alikuwa akifundisha Carysfort, chuo cha kuandaa walimu wa shule za msingi Dublin, akawa mkuu wa idara ya Kiingereza, na kazi ikamla. Akaacha mwaka 1981. Mwaka 1982 Harvard ilimpa mkataba ambao ningependa kila chuo kinachoajiri waandishi kiusome: muhula mmoja kwa mwaka, mengine yake. Familia ilibaki Dublin. Yeye alikwenda Massachusetts mwanzoni mwa kila mwaka, akaishi katika vyumba vya Adams House, jengo la wanafunzi, akafundisha warsha ya uandishi na somo la ushairi wa kisasa, kisha akarudi. Mwaka 1984 alichaguliwa kuwa Profesa wa Boylston wa balagha na uzungumzaji, nafasi ambayo mtu wa kwanza kuishika alikuwa John Quincy Adams, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Inasimuliwa kwamba mwenye cheo hicho ana haki ya kumlisha ng'ombe wake katika uwanja wa chuo. Kwa mtoto wa mchuuzi wa ng'ombe wa Mossbawn, sidhani kama kuna cheo kilichomstahili zaidi.

Utaratibu ule ulikuwa na gharama. Shairi la The Skunk, lililotokana na kipindi cha awali zaidi alipokuwa California peke yake, linamwonyesha akimwandikia mkewe Marie barua za mapenzi baada ya miaka 11 ya ndoa, usiku, huku kila siku akimsubiri kicheche wa Marekani apite barazani na mkia wake uliosimama. Ni shairi la kuchekesha na la upweke wa kweli. Aliyeliandika alijua bei ya kukaa mbali, na mkewe aliyebaki na watoto aliijua zaidi.

Alichokipata Massachusetts, kwa maoni yangu, ni watu wa kusoma nao. Joseph Brodsky, aliyefukuzwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1972, alikuwa akifundisha chuo cha Mount Holyoke. Derek Walcott wa St. Lucia alikuwa Chuo Kikuu cha Boston. Watatu hawa wote walikuwa wageni katika nchi ile, wote wametoka pembezoni mwa dola kubwa, wote wakifanya kazi ya kuwafundisha vijana wa Marekani kusikia shairi kwa sikio. Brodsky alipata Nobel 1987, Walcott 1992, Heaney 1995. Brodsky alipofariki tarehe 28 Januari 1996, siku na mwezi uleule aliofariki mshairi wa Ireland W. B. Yeats mwaka 1939, Heaney alimwombolezea kwa mizani ileile ambayo mshairi W. H. Auden aliitumia kumwombolezea Yeats.

Walakini si haki kuwatia wote kapu moja. Brodsky hakuweza kurudi Leningrad. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu Kenya kwa ajili ya waraka wa kisiasa, akaondoka nchini, na baada ya Dar es Salaam na London akafundisha Leipzig kwa miaka mingi. Hao walisukumwa. Heaney alikuwa na tiketi ya kurudi kila mwaka, na uhuru huo ulimpa wajibu ambao nadhani aliuelewa: asijifanye mhamishwa.

Pamoja na hao waliokuwa hai mezani, alikuwa akiwasoma Czesław Miłosz na Zbigniew Herbert wa Poland, na Osip Mandelstam wa Urusi, aliyefia katika kambi ya Stalin. Insha zake juu yao zimo katika The Government of the Tongue ya mwaka 1988. Washairi hawa waliandika chini ya serikali zilizotaka wawe ama makasuku ama mabubu, na wengi wao wakajifunza kusema kwa mafumbo: nchi isiyo na jina, kisiwa cha kubuni, ripoti ya mji uliozingirwa. Heaney aliona kwamba Belfast nayo ilikuwa imemwekea mtego wa namna hiyo, pande zote mbili.

Matunda yake ni The Haw Lantern ya mwaka 1987, diwani ambayo wasomaji wengi huiruka na ambayo mimi naiweka juu. Ndani yake kuna From the Republic of Conscience, shairi aliloliandika mwaka 1985 kwa ombi la tawi la Ireland la shirika la Amnesty International. Msafiri anashuka katika uwanja wa ndege wa jamhuri hiyo, na kimya ni kikubwa kiasi kwamba injini za ndege zilipozimwa alisikia ndege wa mbugani akilia. Ofisa wa uhamiaji ni mzee, anatoa mfukoni picha na kumwonyesha mgeni: ni picha ya babu wa mgeni mwenyewe. Mwanamke wa forodha hataki kujua amebeba bidhaa gani; anamtaka ataje maneno ya dawa za asili na hirizi za kwao. Hakuna wapagazi, hakuna mkalimani, hakuna teksi. Kila mtu hubeba mzigo wake. Viongozi wa nchi ile siku ya kuapishwa lazima walie, kuomba radhi kwa kuthubutu kushika madaraka. Na msafiri anapoondoka, mzee yule anamwambia kwamba sasa yeye ni raia wa nchi mbili, kwa hiyo akifika kwao ajione mwakilishi, aseme kwa niaba yao kwa lugha yake mwenyewe. Balozi zao zipo kila mahali, na hakuna balozi atakayestaafishwa.

Heaney asingeliandika hilo mwaka 1966. Alihitaji viwanja vingi vya ndege, mafomu mengi ya uhamiaji, na Wapolandi wale. Tena angalia shairi linamwagiza nini: asibaki katika jamhuri ile. Arudi.

Uingereza ilimpa mtihani mgumu zaidi kuliko Marekani, kwa sababu huko ugenini na utawala vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1983 alikuwa ametoa waraka wa mashairi kulalamika kuingizwa katika mkusanyiko wa washairi wa Uingereza, akawakumbusha kwamba pasi yake ni ya kijani, yaani ya Ireland. Miaka sita baadaye akachaguliwa Profesa wa Ushairi wa Oxford, kazi ya mihadhara mitatu kwa mwaka aliyoishika mpaka 1994. Je, alijipinga? Soma mhadhara unaofunga kitabu cha The Redress of Poetry. Anasimulia jinsi Mei 1981 alivyokuwa mgeni wa chuo kimoja palepale Oxford, akalazwa katika chumba cha waziri wa serikali ya Margaret Thatcher, wakati Francis Hughes, mpiganaji wa Republican na kijana wa familia jirani na kwao, alikuwa amefia gerezani katika mgomo wa kula, na kule Bellaghy watu walikuwa wakijiandaa na msiba. Hakuunga mkono bunduki ya Hughes. Ila aliwajua wazazi waliofiwa, na alijua yeye mwenyewe amelala kwenye shuka za nani. Kusimama mbele ya wasomi wa Oxford na kuwasomea hayo, katika kiti walichokupa wao, si kazi ya mtu aliyenunuliwa. Katika mfululizo uleule aliwahutubia pia juu ya Brian Merriman, aliyetunga kwa Kiairishi katika karne ya 18.

Sitaki kusema kila safari ilimfaa. Shairi alilolitunga kwa maadhimisho ya miaka 350 ya Harvard mwaka 1986 ni kazi safi ya fundi, na halina zaidi ya hapo. Mistari ya tamthilia yake The Cure at Troy juu ya matumaini na historia kugongana vina imenukuliwa na Bill Clinton, na Joe Biden, na wanasiasa wengine chungu nzima, mpaka imepoteza ladha. Baada ya Nobel mialiko iliongezeka kupita kiasi. Agosti 2006 alipatwa na kiharusi, akafuta shughuli zake kwa muda, na diwani aliyoiandika baada ya hapo, Human Chain ya mwaka 2010, ina utulivu ambao haukuwapo katika zile za miaka ya mbio. Anayetaka kudai kwamba safari zilimla muda wa kuandika ana ushahidi wake hapo, na sina cha kumpinga.

Kinachonisikitisha ni kwamba shutuma ya kukimbia huendelea kulishwa na mitaala. Shuleni Heaney ni Digging na Mid-Term Break, baba na jembe lake, ndugu mdogo kwenye jeneza la futi nne. Ni mashairi mazuri mno, na yote mawili yamo katika kitabu cha mwaka 1966, alipokuwa bado mwalimu Belfast. Mwanafunzi hutoka na picha ya mshairi wa shamba ambaye baadaye, kwa sababu zisizoelezwa, alihamia kwa mabwana wakubwa. Mwalimu mwenye kipindi kimoja tu cha Heaney kwa muhula mzima, ningemwomba kipindi hicho akitumie kwa shairi la yule mzee wa uhamiaji.